Al-Khwarizmi, al-Uqlidisi au Fibonacci: uanze na nani ukitaka kuijua historia ya tarakimu zetu?

Tarakimu kumi tunazoandika kila siku zimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kutufikia. Hata hivyo, ukiuliza nani alizieneza, mara nyingi utapewa moja kati ya majina mawili. Aliyekulia kwenye masimulizi ya enzi ya Baghdadi atakutajia al-Khwarizmi. Aliyesomea vitabu vinavyoianza historia Ulaya atakutajia Fibonacci. Jina la tatu, al-Uqlidisi wa Dameski, hutajwa kwa nadra sana, na mimi naona amedhulumiwa.

Ninawalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua mmoja: mwalimu anayetafuta mwanahisabati wa kuchunguzwa na klabu yake ya hisabati, mwanafunzi anayetaka mada ya insha, au msomaji mwenye hamu asiye na muda wa kuwasoma wote watatu. Jibu langu si moja kwa kila mtu, ila nina ninayempendelea na nitasema kwa nini.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyebuni tarakimu hizi. Zilitoka India, na wote watatu wanakiri hivyo bila kificho. Hesabu wanayoifundisha wanaitaja kuwa ya Wahindi. Nguvu ya mfumo huo iko kwenye nafasi. Tarakimu 3 ikikaa kwenye mamoja ni tatu, ikikaa kwenye mamia ni mia tatu, na pasipo na kitu huwekwa 0 ili nafasi isipotee. Namba za Kirumi hazina utaratibu huo. Jaribu kuzidisha CCCXXV kwa CCXLIII kwa kuzipanga moja chini ya nyingine, utaona hakuna pa kushika. Ndiyo maana Ulaya ya karne ya 11 iliandika jawabu kwa Kirumi lakini hesabu yenyewe ikafanywa kwa vidole au kwa kete zilizosogezwa juu ya ubao.

Al-Khwarizmi: jina kubwa, kitabu kilichopotea

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdadi chini ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Asili yake ni Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral. Sifa yake kubwa inatokana na kitabu cha aljebra, lakini kwa upande wa tarakimu kinachotuhusu ni kitabu kingine alichokiandika yapata mwaka 825, cha kufundisha hesabu kwa njia ya Wahindi.

Kwa bahati mbaya kitabu hicho hakipo tena kwa Kiarabu. Tulichobaki nacho ni maandishi ya Kilatini yaliyotokana nacho katika karne ya 12. Hati moja iko Cambridge, na inaanza kwa maneno *Dixit Algorizmi*, yaani "Amesema al-Khwarizmi". Kwa njia hiyo jina lake likageuka kuwa jina la utaratibu wowote wa kukokotoa hatua kwa hatua, yaani algoriti. Ukiitazama hati hiyo utahuzunika. Mnakili aliacha mapengo mengi pale tarakimu za Kihindi zilipotakiwa kuandikwa, na namba nyingi akaziandika kwa Kirumi. Kitabu kilichokusudiwa kuwaonyesha watu tarakimu mpya kikawafikia bila tarakimu zenyewe. Hati nyingine, iliyo kamili zaidi, ilipatikana New York na ikachapishwa mwaka 1997.

Hata hivyo mafundisho yanaonekana. Anaeleza alama tisa na duara dogo la kushika nafasi tupu. Anafundisha kujumlisha, kutoa, kuongeza maradufu, kugawa nusu, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Kwenye kutoa anasisitiza kwamba pasipobaki kitu lazima uweke duara, la sivyo makumi yatadhaniwa kuwa mamoja. Agizo hilo linaonekana dogo, lakini lilikuwa geni kabisa kwa watu ambao hawakuwahi kuandika alama ya kitu kisichokuwepo.

Njia yake ya kuzidisha inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo itakayotupeleka kwa mtu wa pili. Hesabu ilifanywa juu ya ubao uliotandazwa vumbi laini, kwa kuandika na kufuta. Tuseme unazidisha 325 kwa 243. Andika 325 juu. Chini yake andika 243, ukihakikisha kwamba 3 ya mwisho ya 243 iko chini ya 3 ya kwanza ya 325. Zidisha 3 hiyo kwa 243, upate 729, kisha ufute 3 na uweke jawabu lako mahali pake. Mstari wa juu sasa unasomeka 72925. Sogeza 243 hatua moja kulia, 3 yake iwe chini ya 2. Mara mbili ya 243 ni 486. Futa 2, jumlisha mahali pake, na mstari unakuwa 77765. Sogeza tena. Mara tano ni 1215. Futa 5, jumlisha, na unapata 78975.

Ni njia nzuri na ya haraka, na ubao mdogo unatosha. Lakini mwishoni umebaki na jawabu peke yake. 325 imekwisha kufutwa, hatua za katikati zimefutwa, na kama ulikosea kwenye makumi hakuna pa kurudi kutafuta kosa.

Al-Uqlidisi: aliyeacha vumbi

Abu al-Hasan Ahmad ibn Ibrahim al-Uqlidisi aliandika kitabu chake, *Kitab al-Fusul fi al-Hisab al-Hindi*, huko Dameski mwaka 341 Hijria, sawa na 952 au 953. Maisha yake hayajulikani sana. Lakabu yake inatokana na Euclid, mwanajiometri wa Kigiriki wa kale, na wanahistoria wengi wanadhani alijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya Euclid. Kazi yake imetufikia kwa hati moja tu, nakala ya mwaka 1157 iliyohifadhiwa Istanbul. Hiki ndicho kitabu cha Kiarabu cha zamani zaidi kilichosalia kuhusu hesabu za Kihindi. Yaani ukitaka kumsikia mwalimu wa zama zile kwa lugha yake mwenyewe, bila mkalimani wa Kilatini katikati, huna wa kuanza naye ila huyu.

Kitabu kina sehemu nne. Ya kwanza ni ya mwanafunzi anayeanza, ya pili inakwenda mbali zaidi. Ya tatu imejaa maswali ya "kwa nini" na "vipi" pamoja na majibu yake, na kila mwalimu angeipenda: mtu wa karne ya 10 anakubali kwamba mwanafunzi ana haki ya kuuliza sababu ya kanuni anayokaririshwa. Ya nne inaonyesha namna ya kufanya hesabu zilezile kwa wino na karatasi, bila kufuta.

Anatoa sababu ya wazi ya kuuacha ubao wa vumbi, na ni sababu ya heshima. Mtu mwenye hadhi yake, anasema, huona aibu kuonekana na ubao ule mkononi kwa sababu ndio walioubeba wapiga ramli wa mitaani. Kwenye karatasi aibu hiyo haipo, na hatua zote hubaki zimeandikwa, unaweza kuzipitia upya. Dameski baadaye ilikuja kujulikana hadi Ulaya kwa karatasi yake. Kila mwanafunzi wa leo anayeambiwa "onyesha njia" yuko katika utaratibu ambao al-Uqlidisi alipigania.

Lakini kinachomfanya awe wa pekee ni desimali. Wenzake walipofika chini ya moja walitumia sehemu za sitini, kama wanajimu, au sehemu za kawaida za nusu, theluthi na robo. Yeye, kwenye mifano yake ya kugawa nusu, aliendelea na kumi kwa kumi. Anachukua 19 na kuigawa nusu mara tano. Kanuni yake ni hii: nusu ya moja, katika nafasi yoyote ile, ni 5 katika nafasi inayofuata kulia. Hivyo 19 inakuwa 9.5, kisha 4.75, kisha 2.375, kisha 1.1875, na mwisho 0.59375. Ili msomaji ajue mamoja yanaishia wapi, anaweka alama ndogo juu ya tarakimu ya mamoja. Alama hiyo inafanya kazi ileile ya nukta tunayoiandika leo.

Mfano wake mwingine ni wa kuongeza. Anachukua 135 na kuiongezea sehemu yake ya kumi, mara tano mfululizo. Fanya mwenyewe: 148.5, halafu 163.35, halafu 179.685, halafu 197.6535, na mwisho 217.41885. Mtu yeyote aliyewahi kukokotoa faida inayozaa faida, au mkopo wa asilimia 10 unaolimbikizwa, amepita njia hiihii.

Lazima niseme pia upungufu wake. Al-Uqlidisi hakuandika mlango maalumu wa desimali wala hakuitangaza kama uvumbuzi. Iko ndani ya mifano tu. Al-Samaw'al alikuja kuitumia mwaka 1172, na al-Kashi wa Samarkand ndiye aliyeieleza kwa ukamilifu katika *Miftah al-Hisab* mwaka 1427. Ulaya ilisubiri hadi 1585, pale Simon Stevin alipochapisha kijitabu chake kule Uholanzi. Zaidi ya miaka 600 ilipita kati ya Dameski na Stevin, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hesabu za nusu na robo ziliendelea kuwasumbua watu bila sababu.

Fibonacci: mfumo ukiwa sokoni

Leonardo wa Pisa, aliyezaliwa karibu na 1170, hakuitwa Fibonacci enzi za uhai wake kwa namna tunavyoliandika leo. Jina hilo lilienea karne ya 19. Baba yake, Guglielmo, alikuwa karani wa wafanyabiashara wa Pisa katika forodha ya Bugia, mji ambao sasa ni Béjaïa, Algeria. Alimwita mwanawe huko angali mdogo ajifunze hesabu. Kijana akazijua tarakimu Afrika ya Kaskazini, kisha akasafiri Misri, Shamu, Ugiriki, Sisili na Provence akijadiliana na kila mjuzi aliyemkuta.

Matunda yake ni *Liber Abaci* ya mwaka 1202, iliyorekebishwa 1228. Mlango wa kwanza unaanza kwa kutaja tarakimu tisa za Wahindi, na alama 0 ambayo Waarabu, anasema, huiita *zephirum*. Kwa hizo namba yoyote huandikwa. Baada ya hapo kinafuata kitabu kinene cha milango 15. Watu wengi wanajua tatizo la sungura tu, lile la jozi moja inayozaliana hadi kufikia jozi 377 baada ya miezi 12, lakini sungura ni sehemu ndogo mno. Kurasa nyingi zaidi zinashughulika na bei za bidhaa, kubadilishana mali kwa mali, mgawanyo wa faida katika ushirika, na kiasi cha fedha na shaba katika sarafu. Mfanyabiashara aliyekisoma alipata jibu la tatizo la siku ileile.

Ubora wa Fibonacci uko hapo, na udhaifu wake uko hapohapo. Kwa sababu sarafu za Pisa zilikwenda kwa denari 12 katika soldo na soldi 20 katika libra, aliunda maandishi ya sehemu yanayofuata vigawanyo hivyo. Libra 2, soldi 8 na denari 7 aliiandika kwa mstari mmoja wa sehemu, wenye 7 na 8 juu, 12 na 20 chini, na 2 pembeni kulia. Mstari wa mlalo unaotenganisha juu na chini aliupata kwa wanahisabati wa Maghribi. Ni ustadi mkubwa kwa karani wa Pisa, lakini ulimfunga kwenye soko lake. Desimali hazimo.

Tena tusidhani kitabu kilitoka na Ulaya ikageuka usiku mmoja. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za vitabu kwa tarakimu hizi, wakatakiwa kutumia maneno na namba za Kirumi. Sababu inayotajwa mara nyingi ni hofu ya ulaghai: 0 ni rahisi kugeuzwa 6 au 9 kwa mkato mmoja wa kalamu. Pisa yenyewe ilimheshimu mapema zaidi. Mwaka 1240 ilimwekea Leonardo malipo ya libra 20 kwa mwaka kwa ushauri wake wa hesabu.

Tukiwaweka bega kwa bega

Kwenye sifuri hawapishani sana. Kwa wote watatu 0 ni alama ya kushika nafasi. Wanataja tisa kwanza, halafu duara kando. Anayetaka sifuri kama namba yenye kanuni zake inabidi awaache wote arudi India, kwa Brahmagupta, ambaye mwaka 628 aliandika kwamba deni likitolewa sifuri hubaki deni, na kwamba deni mara deni ni mali. Alikosea pia, maana alisema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri, na kosa hilo lenyewe ni somo zuri darasani. Namba hasi nazo zinakaa kwake. Al-Khwarizmi hakuzikubali kama jawabu, na Fibonacci alizikubali mahali pachache kwa sharti zisomwe kuwa deni.

Kwenye sehemu za chini ya moja, al-Uqlidisi anawapita wenzake kwa mbali.

Kwenye ushawishi mambo yanageuka. Bila Kilatini cha al-Khwarizmi na Kitabu cha Leonardo, Ulaya ingechelewa zaidi. Al-Uqlidisi alisomwa kidogo mno, na hati yake ilikaa kimya hadi Ahmad Salim Saidan alipoichapisha miaka ya 1970, pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1978. Kwa upande wa upatikanaji, *Liber Abaci* ina tafsiri kamili ya Kiingereza tangu 2002, nayo ni rahisi kuipata kuliko nyingine. Msomaji wa Kiarabu ana bahati ya kuweza kumsoma al-Uqlidisi moja kwa moja.

Jambo moja dogo litawasaidia wanaofundisha pwani yetu. Wanafunzi waliosoma madrasa wanazijua tayari tarakimu za mashariki kutokana na namba za aya katika msahafu, ambako sifuri ni nukta na tano ni duara. Zetu za 0, 1, 2, 3 zilitoka upande wa magharibi, Maghribi na Andalusia, ule ambako Leonardo alijifunzia. Waandikie zote mbili ubaoni, 325 kwa mtindo huu na kwa ule, wataona kwamba maumbo yamebadilika lakini nafasi hazikubadilika.

Basi uchague nani?

Anayeandika insha kuhusu namna elimu ilivyosafiri kutoka India hadi Ulaya amchague al-Khwarizmi. Hadithi ya kitabu kilichopotea, tafsiri yenye mapengo na jina la mtu lililogeuka kuwa jina la taaluma inatosha kurasa kumi. Asimchague tu kama anataka kunukuu maneno yake halisi kuhusu tarakimu, maana hayapo.

Anayefundisha biashara au uhasibu amchague Fibonacci. Matatizo yake ya ushirika na ubadilishaji fedha yanaweza kuletwa darasani karibu kama yalivyo, ukibadilisha libra kwa shilingi. Ningemwomba tu asiishie kwenye sungura.

Anayetaka kuelewa mfumo wenyewe unavyofanya kazi, na hasa mwalimu mwenye wanafunzi wanaotetemeka wakiona nukta ya desimali, amchague al-Uqlidisi. Huyu ndiye ninayempendelea, na kwa kipindi kimoja tu cha dakika 40 simfikirii mwingine. Anza na kuzidisha kwa kufuta: wape wanafunzi 325 mara 243 kwenye ubao wa chaki, wafute kila hatua, kisha uwaulize aliyepata jawabu tofauti amekosea wapi. Hakuna atakayeweza kujibu. Halafu warudie kwa kalamu na karatasi. Baada ya hapo wape 19, waigawe nusu mara tano kwa kanuni ile ya 5 inayohamia kulia, bila kuwatajia neno desimali hadi wafike 0.59375 wenyewe.